Mpishi wa Kisiwa Kisicho na Watu

Upepo ulipoanza kuvuma Bariadi, ule wa mwezi wa nane unaozoa vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba na kulimwaga madukani, Mpishi alifunga mgahawa. Hakujali kama kuna watu wamekaa na sahani mbele yao. Aliwaambia wamalize haraka, akateremsha turubai, akaburuta mabenchi ndani, kisha akakaa jikoni mgongo ukiwa ukutani mpaka vumbi litulie. Wateja wageni walikasirika. Sisi wa pale stendi tulikuwa tumemzoea, tukawa tunahamia na sahani zetu dukani kwangu.

Duka langu ni la steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana fomu za ajira ambazo wengi hawatajibiwa. Ukuta wangu na ukuta wa mgahawa wake ulikuwa mmoja, na kwa miaka kumi na moja nilimsikia kupitia ukuta huo akipasua kuni na kugombana na masufuria yake. Alizaliwa lini, na ni wa ukoo gani, hayo waulizeni watu wa kwao kule Lagangabilili. Mimi nitasema niliyoyaona na aliyoniambia, basi.

Na nitasema mapema jambo lenyewe, maana sipendi msimulizi anayeficha mfupa kwenye mchuzi. Zamani, kabla hatujawa mkoa, Mpishi alifanya kazi kwenye meli ya uvuvi iliyokwenda kusini, kusini kabisa, chini ya Afrika, kwenye visiwa ambavyo havina kijiji wala mti. Katika kimoja cha visiwa hivyo alimzika kwa mikono yake kijana wa Kalemela, mtoto wa pekee wa mama mmoja, ambaye yeye mwenyewe alimwombea ruhusa ya safari. Aliporudi, mama akamuuliza habari za mwanawe, na Mpishi akashindwa kusema. Miaka yote niliyomjua, yule mama alikuwa hai kule kando ya ziwa, akimsubiri mwanawe, na Mpishi alikuwa na sentensi moja tu ya kwenda kumwambia.

Alikuwa mtu wa vituko. Alipika samaki kuliko mtu yeyote stendi nzima, sangara wa kukaanga na sato wa mchuzi wa nazi, madereva wakitoka Maswa na njaa yao kwa ajili yake, na hakuwahi kuonja kipande. Chumvi aliionja kwa kunusa. Hakuwa na friji, na mtu akitaka soda ya baridi aliambiwa, "Nenda kwa jirani. Hapa hatuuzi baridi." Mvua ya mawe ilipopiga mabati aliweka mikono masikioni kama mtoto. Ila kwenye joto la mwezi wa kumi, wakati sisi tunatafuta kivuli cha kupumulia, yeye alitoa kiti katikati ya uwanja, akakaa juani na kofia ya sufu, uso ukimetameta jasho, na ukimuuliza kulikoni alisema anakausha mifupa.

Chai ndiyo ilikuwa sheria yake. Ukiingia kwake hukuulizwa unataka nini kwanza. Uliletewa kikombe cha chai ya tangawizi, umeagiza hujaagiza, ndipo mazungumzo yaanze. "Mtu aliyetoka nje hapewi maneno," alisema, "hupewa kitu cha moto." Siku moja afisa mmoja mgeni, kaja na faili lake kukagua vyoo, alianza kusoma makosa akiwa bado amesimama mlangoni. Mpishi alimsikiliza kimya, akamwekea chai, akarudi kukata vitunguu. Afisa aliendelea kusoma. Mpishi aliendelea kukata. Mwishowe afisa alikaa akanywa, na kuanzia hapo akawa mteja.

Na alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. "Baridi haiui, kinachoua ni kusema mimi sisikii baridi." "Mbishi wa nchi kavu, melini ni abiria." Nikilalamika kuhusu wateja alinijibu, "Shukuru wanakusumbua, mayu. Mimi nimekaa mahali ambapo hakuna wa kukusumbua." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwetu hata binti mdogo huitwa hivyo kwa heshima. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipofungua duka, na kuitwa mayu na mtu wa umri wa baba yangu kulinifanya nikae vizuri kitini.

Habari za visiwa alizitoa kidogo kidogo, hasa asubuhi wakati wa kuchambua mchele, na hazikuja kwa mpangilio. Alisema ile meli haikuwa na kibali. Jina lake lilikuwa limepakwa rangi juu, ukiligusa kwa kidole unaweza kulisoma kama kovu. Walivua samaki wakubwa weusi wa kina kirefu, wenye mafuta mengi, na walipoona dalili ya meli nyingine walizima taa na kujificha kwenye ghuba za visiwa. Ndivyo alivyokanyaga nchi zile: kujificha, kuchota maji, kusubiri dhoruba ipite. Alikanyaga visiwa vitatu kwa safari nne, na kwa hesabu yake hakuona mwenyeji hata mmoja.

"Kuna nyasi?" nilimuuliza.

"Zipo. Zinakufika kiunoni, zimejaa maji. Na kuna majani fulani mapana kama kabichi, nilipika, yanachoma ulimi."

"Na miti?"

"Hakuna mti. Ukitaka kujificha na upepo unalala chini."

Aliniambia juu ya masufuria. Ufukoni pa kisiwa kimoja yalikuwepo masufuria ya chuma yaliyoachwa na watu wa kale waliochemsha mafuta ya wanyama wa baharini, makubwa kiasi kwamba ng'ombe mzima angetoshea, yameoza kwa kutu na ndege wametaga ndani. Yeye kwa kuwa ni mpishi aliyazunguka, akayagonga, akapiga hesabu ya watu wangapi yangelisha. Alipomaliza hesabu, alisema, ndipo akaingiwa na hofu, maana alijiuliza hao watu wote wako wapi. Na mahali pengine walikuta kibanda cha mbao, mlango umefungwa kwa kamba, ndani mna kitanda, makopo ya maharage na kitabu ambacho wageni huandika majina. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa miaka mingi iliyopita. Walikula makopo mawili, na Mpishi akaacha chumvi na kiberiti mezani, kwa sababu kwao mtu haondoki kwenye nyumba ya watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe hawapo.

"Kisiwa kisicho na mwenyewe," alisema, "kila kitu kinakutazama wewe."

Yule kijana wa Kalemela alikuwa mvuvi wa dagaa. Mpishi alikutana naye Lamadi aliporudi likizo, akampenda kwa sababu alikuwa mcheshi na mikono yake ilijua nyavu. Akaenda naye kwa mama yake kuomba. Mama alikataa mara mbili, mara ya tatu akamshika Mpishi mkono na kusema kwa Kisukuma maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: nakukabidhi, ukirudi nitakuuliza wewe, sitamuuliza Mungu. Kila aliponisimulia hapo alisimama, akatafuta kitu cha kufanya. Alipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kuna habari moja ya kisiwani ambayo ilimchekesha kila mara mwanzoni na mwisho wake haukumchekesha. Walikuwa wameteremka kuchota maji, ukungu umeshuka mpaka magotini, mchana lakini huoni hatua kumi. Ghafla wakasikia ng'ombe. Si mmoja, kundi, linalia kama linaporudi zizini. Yule kijana alidondosha ndoo. "Mpishi, kuna ng'ombe huku! Basi kuna watu!" Wazungu na Waasia wa ile meli waliendelea kuchota. Lakini hawa wawili, Wasukuma, hawakuweza. Waliacha ndoo, wakapanda kuufuata mlio, wakipanga kabisa watakavyosalimia na kama mwenye boma atawapa maziwa. Walikuta sili wakubwa, wanyama wa baharini wenye pua iliyovimba, wamelala kwenye matope wakibweua. Kijana alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Akakaa humo muda mrefu mno, nguo zikalowa, na kwa kuwa alikuwa anacheka, Mpishi naye akacheka, hakumwambia ainuke.

Siku tatu baadaye kifua kilimbana. Melini hapakuwa na daktari, na nahodha hakutaka kwenda bandari yoyote kwa sababu ya ile rangi iliyopakwa juu ya jina. Mpishi alimpikia supu, alimsugua mgongo kwa mafuta moto, alimlaza jikoni kando ya jiko ambako palikuwa na joto. Alifia hapo jikoni, asubuhi, Mpishi akiwa anakanda unga wa mikate. Nahodha alisema mwili utupwe baharini. Mpishi alichukua kisu cha kukatia nyama, akakaa mlangoni pa jiko, akasema hakuna atakayekula melini humo mpaka mtu wake azikwe ardhini. Njaa ikawashinda. Wakampa mashua, fundi wa mitambo mmoja na saa mbili.

Ardhi ya kule chini ya nyasi ni mwamba. Walishindwa kuchimba zaidi ya magoti, wakamlaza, wakamfunika kwa mawe. Mpishi aliyabeba mawe kifuani moja moja. Alisema pengwini walitoka majini wakaja kusimama pembeni, hawaogopi, wamenyamaza kama watu wa msibani waliochelewa wasiojua wakae wapi. Hao ndio waombolezaji aliokuwa nao kijana wa Kalemela.

Sasa nieleze jinsi alivyoshindwa kusema, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kumwona mwongo tu, na mimi nimekulia kwenye salamu hizi, najua zinavyomfunga mtu.

Alifika Kalemela mchana. Mama alikuwa anaanika dagaa juu ya mawe. Mpishi akasalimu, "Mwadila mayu," mama akaitika, akaweka ungo chini, na salamu ikaanza. Salamu yetu haina haraka. Mhola? Unajibu mhola, yaani amani. Huko ulikotoka mhola? Mhola. Safari mhola? Mhola. Hata kama umefiwa asubuhi hiyo, unajibu mhola kwanza, maana huwezi kummwagia mwenzako msiba akiwa amesimama. Unajibu amani, unakaribishwa kiti, unapewa maji, ndipo unashusha: salama, ila. Kila mtu anajua hivyo. Kila mtu huisubiri ile ila.

Mama akauliza, "Na mwanangu, mhola?"

Akajibu, "Mhola."

Alijibu kama alivyofundishwa. Lakini yule mama hakusubiri kiti wala maji. Alikuwa amesubiri miaka miwili. Alipiga vigelegele, majirani wakatoka, mtu akaanza kukimbiza kuku, mwingine akaleta kiti, watoto wakarukaruka, na Mpishi akabaki amesimama katikati na ila yake mdomoni. Alisema alifungua kinywa mara tatu. Mara ya tatu waliweka ndani yake finyango la kuku.

Mtu akamuuliza mbona kijana hakuja. "Amebaki kisiwani," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Anafanya kazi gani? "Analinda." Analinda nini? "Kisiwa." Hivyo tu. Kufika jioni Kalemela nzima ilijua kwamba mtoto wa mama yule amekabidhiwa kisiwa kizima na Wazungu, na Mpishi akapanda gari akarudi Bariadi, hakurudi tena baharini.

Nilikuja kuyajua haya kwa sababu ya kompyuta. Siku moja, duka halina mtu, Mpishi aliingia na chapati mbili kwenye karatasi, akaniuliza kama ni kweli mashine inaweza kuonyesha dunia yote kutoka juu. Nikamwonyesha stendi yetu, paa la mgahawa wake, akacheka. Kisha akaniambia twende kusini. Tulivuka Afrika, tukavuka bahari tupu, nikadhani ananichezea. Akaniambia nishuke tena, nishuke, na ghafla kikatokea kitu cha kijivu, kimechanika kingo, kina theluji katikati. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa," alisema. Lakini pale alipoweka kidole palikuwa na wingu. Picha ilipigwa siku ya mawingu, na ghuba ile moja ilikuwa imefunikwa na weupe.

Ndipo akanieleza yote, na chapati zikapoa.

Tangu hapo alikuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Alisimama mlangoni, haingii, anafuta mikono kwenye aproni. "Wingu limeondoka?" Nafungua, natazama. "Bado, mzee." Anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi la Mwanza limechelewa, anarudi kwenye masufuria yake. Nilimweleza kwamba ni picha ya zamani, wingu lile haliendi popote. Alinijibu kwamba mimi sijui mawingu ya kule.

Aliomba nimchapishie ile picha. Nikachapisha kwa rangi, karatasi nzito, nikadhani ataibandika jikoni. Kumbe aliipeleka Kalemela, pamoja na sukari na vitenge ambavyo kila mwaka alivipeleka kwa jina la marehemu. Nilipojua niligombana naye vibaya. Nilimwambia, "Mzee, unamjengea mama wa watu nyumba hewani. Siku itakapoanguka itamwangukia nani?" Alininyamazia wiki nzima. Kupitia ukutani nilimsikia akiweka vifuniko vya sufuria kwa utaratibu, na kwa kweli ule utaratibu uliniuma kuliko kama angenitukana.

Baada ya hapo alijaribu. Naapa alijaribu. Mara mbili nilimwona akivaa shati lake la kola na kupanda gari la Lamadi. Mara ya kwanza alirudi na gunia la dagaa. Mara ya pili alisema alifika hadi uani, akamkuta mama anafundisha wajukuu wa jirani kutamka jina la mwanawe, wakilipigia makofi. "Ungekuwa wewe ungefanya nini?" aliniuliza. Nikamwambia ningesema. Rahisi kwangu, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Kisha yule mama akaja Bariadi kutibiwa macho.

Aliulizia duka lenye mashine ya dunia, akaletwa na bodaboda. Mwanamke mwembamba, mrefu, fimbo mkononi, jicho moja limezibwa kwa pamba. Mpishi alikuwa ameenda sokoni. Nikampa kiti. Alisema anataka tu kumwona aliyechapisha picha ya kisiwa cha mwanawe.

"Kwenye mashine hiyo," aliuliza, "anaonekana?"

"Hapana, mama. Inaonyesha ardhi tu. Na pale pana wingu."

"Najua. Anakaa chini ya wingu." Akaisogelea mashine. "Lakini yupo pale?"

Nilikuwa na nafasi. Duka lilikuwa tupu, maji nilikwishampa, kiti alikwishakaa. Kila kitu alichokosa Mpishi mimi nilikuwa nacho.

"Yupo pale, mama," nilisema.

Alinishukuru. Kisha, kama mtu anayesema jambo dogo la njiani, aliniambia kwamba humwota mara kwa mara, na kila akimwota mtoto hulalamika. "Ananiambia, mayu, kifua kizito. Kifua kizito. Sasa nauliza, huko wanabebeshwa mawe?"

Niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta waya. Mpishi aliporudi kutoka sokoni mama alikuwa amekwishaondoka, nikamweleza ile ndoto. Aliweka kikapu chini. Nyanya zikabiringika mpaka barabarani, hakuziokota. Kwa mwezi mzima sikulala vizuri, na upepo ulipovuma niliinuka mwenyewe kufunga madirisha kabla yake. Kuanzia siku ile sikuwahi tena kumwambia aende kusema. Nilikuwa nimejipima na yeye kwenye mzani mmoja, tukalingana.

Mama alifariki mwaka huu, kabla ya masika. Mpishi aligonga ukuta mara moja, nikatoka, akasema, "Funga duka." Hakuniambia nani. Tulipanda gari la Lamadi mpaka ziwa likaonekana.

Msiba ulikuwa umejaa. Kaburi lilikuwa tayari, nyuma ya nyumba, udongo mweusi umerundikwa pembeni, lakini hakuna dalili ya mazishi kuanza. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya shule, na katikati yao mdogo wake marehemu, mzee wa ng'ombe mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye alikuwa anaendesha mambo. Alipomwona Mpishi alisimama kumpokea. Alimpa kiti. Alimpa maji. Kisha akasema mbele ya watu wote:

"Umefika vizuri. Tumekaa tukakubaliana, dada hazikwi mpaka mwanawe amtupie udongo. Ni mtoto wa pekee. Wewe ndiye unayejua aliko na namna ya kumpata. Mpigie. Akisema wiki, tutasubiri wiki. Akisema mwezi, tutaomba mwili ukae hospitali mwezi."

Vijana wakatoa simu zao, kila mmoja anataka yake ndiyo itumike.

Nilimtazama Mpishi. Alikuwa ameishika bilauri ya maji kwa mikono miwili. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga turubai, na mtu yule, ambaye nilimwona akifunga biashara kwa sababu ya vumbi, hakugeuka kuutazama. Alisimama, akavua kofia.

"Hatakuja," alisema. "Nilimzika mimi. Alikufa kwa kifua, mikononi mwangu, kabla sijarudi ile siku mliyonichinjia kuku. Mama aliniuliza, nikajibu mhola, nikashindwa kumalizia. Hakuna kazi. Hakuna Wazungu waliomkabidhi kisiwa. Vitenge vilikuwa vyangu."

Shangazi mmoja alilia ndani ya nyumba, kilio kipya kabisa, na wengine wakamfuata, na nikatambua kwamba sasa ulikuwa msiba wa watu wawili. Kijana mmoja alimrukia Mpishi akamkaba kola. Kiti kikaanguka. Sijui nilipata wapi miguu, nilijikuta katikati ya wanaume, napiga kelele, "Mwacheni! Hata mimi nilijua! Mama aliniuliza na mimi nikamdanganya! Nipigeni na mimi!" Nilikuwa nalia. Mwanamke kupiga kelele kwenye baraza la wanaume si adabu, lakini nilishindwa kuyameza maneno.

Yule mdogo wake mama, mjomba wa kijana aliyekufa, aliinua mkono. Yule aliyemkaba Mpishi akamwachia.

Nilidhani mzee atamfukuza, au ataita mgambo. Aliuliza swali moja.

"Mlimlaza akiangalia wapi?"

Kwa ukoo wao hilo ndilo la kwanza. Wao hulaza watu wao wakiangalia mashariki, kwa sababu wazee wao walisema walitokea huko, na aliyelazwa ovyo hapumziki.

Mpishi alikuwa bado ameshika koo. "Hakukuwa na jua," alisema. "Kule huoni jua. Nilimwomba fundi wa mitambo dira. Sikumuuliza mashariki, baba. Nilimuuliza kaskazini. Nilisema, kwetu ni kaskazini, hata kama ni mbali kiasi gani. Nikamlaza anaangalia kwetu."

Mzee alichora mstari vumbini kwa fimbo, akachora mwingine, akaitazama. Kisha akageuka kwa vijana wa makaburi.

"Kaburi hilo mmelikosea," alisema. "Lifukieni. Mchimbe jingine hapo pembeni. Mama huyu ataangalia kusini."

Vijana walitazamana. Lile la kwanza liliwachukua tangu alfajiri, chini kuna mawe, na jua lilikuwa la saa saba. Mmoja alianza kusema kwamba haijawahi kufanyika hivyo katika ukoo huu, mzee akamtazama tu. Kabla hawajaamua nani aanze, Mpishi alikuwa amekwishavua viatu na shati la kola. Alichukua sururu, akapima kwa hatua zake, akapiga ardhi.

Kwetu wachimbaji wa kaburi hupokezana. Mtu hapigi zaidi ya dakika chache, mwenzake anamgusa bega, anampa nafasi. Siku ile hakuna aliyemgusa bega. Walisimama kuzunguka shimo, mikono nyuma, wakamtazama mzee wa zaidi ya miaka sitini akichimba peke yake, mgongo unatiririka, mawe anayatoa kwa mikono na kuyaweka kando moja moja. Hawakumpokea, na hawakumzuia. Niliogopa atafia humo. Nilitaka kumwita nikakosa jina la kumwita, maana miaka yote nilikuwa nimemwita mzee au Mpishi tu.

Alipofika kiunoni, yule mjomba alipewa fimbo yake na mjukuu, akaikataa. Aliketi ukingoni mwa shimo, akavua kandambili, akateremka. Wawili hawakutosha vizuri humo ndani. Mzee akanyoosha mkono, na Mpishi akampa sururu.